Kochi Letu Liko kwa Ruphin

Jumamosi, 24 Novemba 2018

Binti yangu Suzan ameniletea karatasi nisaini. Anasema serikali itamlipia chuo kikuu kule Braamfontein, Johannesburg mjini, ada, chumba na chakula, mradi wazazi tukubali wakague kipato chetu. Mwisho Ijumaa. Mama yake, Ntsiki, amekwisha saini bila hata kuvaa miwani. Mimi nimesoma mara mbili na nimeingiwa na shaka. Serikali itoe pesa bure, halafu isije hata kukuona? Kuna jambo.

Kazi yangu ya ulinzi haina siri. Ila chini ya kitanda kuna magunia ya dagaa wa kuuza yanayonijia kwa basi kutoka Dar, na dagaa hao hawajawahi kutambulishwa kwa mtu wa kodi. Nimemwambia Suzan nitafikiria. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kizulu, na leo nilishukuru kwamba sikuelewa yote.

Jumapili, 25 Novemba

Nimegundua. Watakuja kukagua nyumbani. Kwetu Morogoro hupati barua yoyote ya maana mpaka balozi wa nyumba kumi aseme wewe ni nani na unaishije. Serikali ni serikali. Hapa Soweto wanajifanya hawana balozi. Ntsiki alikaa kwetu Mazimbu miaka Waafrika Kusini walipokuwa wakimbizi, ndiko nilikomuoa, na mambo ya balozi anayajua vizuri. Lakini anasema huku ni kompyuta tu. Ndivyo wanavyotaka tuamini.

Balozi wa siri nimeshamjua. Ni Ruphin, fundi cherehani Mkongo wa ng'ambo ya barabara. Gereji ya nyumba yake, anamoshonea, inatazama mlango wetu, na macho yake yako barabarani kutwa. Suruali anazishona saa ngapi? Halafu binti yake Arlène, anayesoma na Suzan, kila siku anauliza kama nimesaini. Yanamhusu nini? Bila shaka naye ameomba, nafasi ni chache, na anataka kumpiku mwanangu.

Jumatatu, 26 Novemba

Kazi imefanyika. Mkaguzi akija atakuta nyumba ya kimaskini. Kochi, televisheni, friji na lile kabati kubwa la sebuleni, vyote nimevihamishia kwa Ruphin. Akili hiyo! Balozi akishakufichia mali, na yeye keshaingia kwenye njama, hawezi kukusema.

Nilimwambia tumevamiwa na mchwa. Akanipa pole, akabeba upande mzito. Anasaidia mno huyu.

Ntsiki alirudi kazini, akaitazama sebule, akageuza ndoo akaikalia.

Jumatano, 28 Novemba

Amekuja! Kijana, fulana ya kazini yenye nembo, kishikwambi mkononi. Nilimfungulia kabla hajagonga. Nikamkalisha kwenye ndoo, nikampa maji kwa kopo la jamu. Nikamweleza tunavyolala na njaa, na mke wangu anavyoumwa mgongo kwa kukosa pa kukaa, ambayo ni kweli. Akatikisa kichwa, akasema eish, baba. Akauliza hiyo harufu ni ya nini. Nikasema ya umaskini.

Kisha akauliza mita iko wapi.

Alikuwa mtu wa umeme. Na pale kabati liliposimama miaka yote, waya wangu ulikuwa wazi ukutani, ule unaopitisha umeme kando ya mita usihesabiwe. Kabati ndilo lililokuwa likiuficha. Nilikuwa nimeusahau kabisa. Akaupiga picha, akakata umeme, akaniachia faini, akanishukuru kwa maji.

Najiuliza nani alimwita. Ruphin alibeba kabati. Ruphin aliuona ukuta. Sisemi zaidi.

Alhamisi, 29 Novemba

Nyumba haina umeme na Suzan analia, lakini si kwa ajili ya umeme. Kesho ndiyo mwisho na baba yake bado hajasaini. Anasema atarudi kuuza simu kwenye kibanda alichofanyia kazi likizo, basi, yameisha.

Niliumia. Maisha yangu yote hapa nimesimama getini nikiwafungulia wengine wapite. Naogopa sana mwanangu asije akasimama getini. Kwa hiyo nimesaini. Ila kwa tahadhari: nimebuni sahihi mpya, haifanani hata kidogo na ile ya kwenye kitambulisho. Wakinijia kwa sababu ya dagaa, nakana. Suzan alinikumbatia, akakimbia na karatasi kwa Arlène, maana wao wana umeme na intaneti.

Ijumaa, 30 Novemba

Jioni Suzan amerudi na karatasi mpya, nyuma yake Arlène, nyuma ya Arlène Ruphin. Kabla ya kutuma, Arlène alilinganisha sahihi yangu na kitambulisho. Nani alimtuma alinganishe? Akasema kwa adabu kwamba ikienda vile, Suzan atakataliwa. Ntsiki alinitazama kutoka kwenye ndoo. Nikajitetea kwamba serikali ikishaujua mshahara wa mtu, imemshika.

Nilitegemea Ruphin agombe. Hakugomba. Akasema darasani Arlène anampita hata Suzan. Kazaliwa hapahapa Johannesburg, lakini karatasi zake ni za ukimbizi, na maombi haya hawamruhusu hata kuyaanza. Kisha akasema:

"Miye wangeniuliza mushahara, Mzee Onesmo, ningesaini na mikono yote mbili."

Arlène alikuwa akitazama kucha zake. Niliona aibu, naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Nikasaini, sahihi yangu halisi. Wakavuka barabara kwenda kutuma.

Jumamosi, 2 Februari 2019

Suzan amepata! Chuo, chumba, kila kitu. Siku jibu lilipokuja Ntsiki alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Umeme umerudi. Dagaa hakuna aliyewauliza.

Nimekaa nikatafakari, na sasa naelewa. Yule kijana hakuwa wa umeme tu. Aliona nyumba tupu, aliona ndoo, alikunywa kwenye kopo, akaandika ripoti nzuri. Kama si mimi kuhamisha vitu, mtoto angekosa. Ntsiki anataka kochi lirudi leo. Nimekataa. Wanaweza kukagua tena wakati wowote, na shahada ni ya miaka minne. Kochi halirudi mpaka Suzan ahitimu.

Leo asubuhi tulimsindikiza kituoni. Arlène ndiye aliyembebea begi kubwa, akapunga mkono mpaka basi likapinda kwenye robot, taa za barabarani. Kisha akarudi gerejini kwa baba yake, akakaa kwenye kochi letu, akaanza kushona vifungo.

Nilimtazama kutoka dirishani. Mtu ahangaike na maombi ya mwenzake wiki nzima, yeye mwenyewe asipate kitu, na hata leo asidai chochote? Kuna anachokitafuta kwetu. Nimewaza mchana kutwa.

Nadhani ni kochi.