Karatasi ya Moyo

Jumatatu, 7 Oktoba 1957
Baba mkwe mtarajiwa, Mzee Sedekia, ametuma neno. Ng'ombe wa mahari wamemridhisha. Sasa nikamlimie ule mteremko nyuma ya nyumba yake, mimi na vijana wa rika langu, kama ilivyo desturi. Udongo wa Oktoba mgumu kama tofali, na mimi karani! Nimesikia daktari wa hapa Mbeya ana mashine mpya ya kuchora moyo. Mgonjwa wa moyo halimi. Akili ninayo.

Jumanne, 8 Oktoba
Nimekunywa kahawa birika zima, nikapanda kilima mbio hadi kwa daktari ili moyo udunde. Nesi Matilda akaniambia nilale nitulie kwanza. Akanifunga mikanda na nyaya mikononi na miguuni. Blanketi safi, kitanda laini. Nikalala fofofo, nikakoroma, mistari ikaruka ovyo. Matilda akaniamsha, tukarudia. Daktari akasema moyo ni mzima, naweza kulima mpaka Krismasi. Hana huruma kabisa. Ila karatasi ya kukoroma ilitupwa kikapuni. Sasa imo mfukoni mwangu.

Jumatano, 9 Oktoba
Mambo ya mkwe hupitia kwa mshenga, kwa hiyo karatasi nimempa Jailos. Nimemfundisha aseme kila kilima hapo ni maumivu. Akauliza mbona vilima vingi hivyo. Nikamwambia asiongeze maneno.

Alhamisi, 10 Oktoba
Balaa! Mzee ameitazama karatasi na ndugu zake wote. Wameamua ng'ombe warudi kwetu, binti yao Atuganile asije akawa mjane kabla maharage hayajaiva. Nimelia kweli. Nampenda yule binti. Nikamtuma Jailos akaseme nimepona. Mzee akajibu kwamba kama nimepona, nilime mteremko wote peke yangu, wao wakitazama. Nisipoanguka, ndoa ipo.

Jumamosi, 12 Oktoba
Jana na leo nimelima. Nimemaliza! Malengelenge viganja vyote. Jailos na wenzangu walikaa kivulini wakila ndizi za kuchoma, wakiniuliza kama nyaya zimekaza. Atuganile alileta maji, akasema hajaona mgonjwa mwenye jembe la haraka namna ile. Nilifurahi mno. Mzee akanishukuru kwa mbali, "Ndaga fijo," asante sana. Ng'ombe hawarudi.

Jumapili, 13 Oktoba
Baada ya ibada Jailos kaleta neno jipya. Mama mkwe anataka jiko lake liezekwe upya kabla ya harusi, na nyasi ziko bondeni kabisa. Nimewaza mchana kutwa. Moyo wangu wameshaujua. Kesho nakwenda kumwuliza Matilda kama ile mashine huchora na mgongo.