Ndege Iliyokataa Kutua

Masafa alimwona yule mama kabla hajafunga mkanda, au tuseme alianza kuziona bangili zake, sita mkono mmoja, zinameta mpaka dirishani. Riziki ilikuwa imekaa kiti cha pili.

Kazi ya Masafa ilikuwa kazi kama kazi nyingine, ila haina leseni. Alijua kwamba safari kati ya viwanja vile viwili ni dakika hamsini tu angani, lakini tikiti huandikwa saa moja na nusu, ili shirika likichelewa lionekane limewahi. Abiria wengi hawalijui hilo, na wajinga ndio waliwao.

Asubuhi hiyo ndege ilichelewa kuruka. Watu wakaguna, Masafa akafurahi.

"Tutatua kabla ya saa nne," alimwambia mama, amejilegeza kama zuzu.

"Mwanangu, na kuchelewa kote huku?"

"Mimi naweka dau. Magurudumu yakigusa chini kabla ya saa nne, unanipa bangili zako. Yakichelewa, chukua hiki." Akatoa mkufu wa dhahabu.

Sasa, mkufu ule haukuwa wa kuchezea. Masafa aliuza pikipiki yake kuununua, maana mama mkwe mtarajiwa alishasema waziwazi: bila mkufu, hakuna binti. Na alimpenda yule binti kweli, hilo tusimnyime. Lakini mkono uliozoea kushinda huwasha.

Mama alimeza mate. "Haya. Mungu anaona."

Saa nne kasorobo mji ulionekana chini. Mama akashika tumbo, akakimbilia chooni, akajifungia.

"Mama, tunatua, rudi kitini," mhudumu alibisha hodi.

"Siwezi, binti yangu. Tumbo limechafuka."

Rubani akatangaza, kwa sauti ya mtu anayejizuia kutukana, kwamba hawezi kutua na abiria aliye chooni. Ndege ikapaa tena na kuanza kuzunguka mji. Masafa aliuona uwanja ukipita, ukarudi, ukapita tena. Uvumilivu ukamwisha, akaenda kugonga mwenyewe.

"Mama, jikaze."

"Najikaza, mwanangu. Ndiyo shida yenyewe."

"Na wewe kaa chini," mhudumu alimfokea, "unatuchelewesha."

Walitua saa nne na dakika kumi. Mama alikuwa kitini, buheri wa afya, kiganja wazi.

"Ulikuwa unajua," Masafa alisema, akimkabidhi mkufu.

"Njia hii naipita kila mwezi. Na kila mwezi naketi na kijana anayejua sana saa."

Machozi yalimlengalenga Masafa. Akamsimulia habari za mchumba, zote, bila kuongeza chumvi, jambo ambalo hakulizoea. Mama akamhurumia, akavua bangili moja. "Ukweni hakuendwi mikono mitupu."

Nje ya uwanja, mama mkwe, aliyekuja na binti kumlaki, aliipokea bangili, akaikwaruza kwa ufunguo wa nyumba. Chini ya mng'ao palikuwa na shaba. Masafa akaelewa kwamba hata angeshinda, angeshuka na shaba sita.

"Na mkufu?" mama mkwe aliuliza.

"Ulikuwepo, mama."

"Ulikuwepo wapi?"

"Angani."

Binti alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilimuuma kuliko tusi. Mama mkwe akamrudishia bangili.

"Ndege ya kurudi ni saa sita," alisema. "Safari yenyewe fupi, hutachoka."