Harusi Ndani ya Chupa Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Ukuu wa idara ya sayansi ni wangu! Ijumaa Mwalimu Mkuu atapita maabara kuchagua: mimi, au Shemeji, kaka wa mke wangu, anayefundisha chumba cha pili. Nitamwonyesha paramesia wakiungana. Viumbe wa seli moja, hawaonekani bila hadubini. Wanagandana ubavu kwa ubavu, wanabadilishana sehemu ya viini vyao, kisha kila mmoja anashika njia yake. Wangu wote ni uzao wa seli moja niliyoichagua mwenyewe. Ukoo safi. Nawalisha punje za mchele kutwa mara tatu.

Jumanne, 4 Machi
Hakuna hata jozi moja. Wameshiba, wanazurura tu. Shemeji kachungulia, akasema wanaungana wakiona njaa, tena na wa ukoo mwingine. Wangu eti ni pacha watupu. Wake kawatoa mtaroni! Nikamwambia ukoo wangu hauchanganyiki na wa mtaroni. Wivu unamsumbua.

Alhamisi, 6 Machi
Bado. Tangu jana nimewanyima chakula, adhabu yao. Watanitambua! Mke wangu kanisihi nipatane na kaka yake. Nimenuna mpaka chai ikapoa.

Ijumaa, 7 Machi
Asubuhi nimeiba chupa ya Shemeji, akose cha kuonyesha. Mara viatu vya Mwalimu Mkuu koridoni! Kwa hofu nikamimina maji yake yote kwenye chupa yangu, chupa tupu nikaisukuma chini ya sinki. Kumbe alikuja kusema atarudi baada ya vipindi viwili.

Aliporudi, akainamia hadubini. Jozi tele! Nikatoa kifua, nikasema hayo ni matunda ya ukoo safi na nidhamu. Shemeji akaingia akitafuta chupa yake. Akaiona chini ya sinki. Akachungulia hadubini, akatabasamu.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone, shemeji."

Mwalimu Mkuu akataka maelezo. Shemeji akamweleza yote, ya njaa na ya wageni, ila wizi hakuutaja. Ukuu kapewa yeye. Kaomba mimi niwe msaidizi wake. Nimeumia, sifichi.

Jumamosi, 8 Machi
Mke wangu kauliza nimejifunza nini. Nikamjibu, mengi. Nimeosha chupa kwa maji ya moto, nikatenga seli moja tu, ile niliyoiona ikiachana na mwenziwe jana. Ina afya ajabu! Nimeimwagia mchele wa kutosha. Muhula ujao watu watauona ukoo wangu mtupu, bila tone la mtaroni.