Kichupa Kitupu Nilichompelekea Mama Jabe

Leo soko zima la Jabe limelijua jina langu, na si kwa sifa nzuri.

Nafanya mazoezi ya kazi kwenye maabara moja hapa Bujumbura. Bosi wangu, Dokta Espérance, anakuza seli za kinga za binadamu kwenye visahani. Seli hizo hazili ugali. Zinataka protini inayoitwa interlukini, ambayo ndani ya miili yetu askari wa kinga huitumia kuitana. Ya maabara hutengenezwa na bakteria waliopewa maagizo ya kijeni ya mwili wa mtu, halafu hukaushwa. Tumeisubiri kutoka ng'ambo mpaka Dokta akaanza kuiota. Seli zilibakiwa na chakula cha leo tu, zikifa ni kuanza upya, na mimi kurudi nyumbani.

Asubuhi kifurushi kikafika. Dokta alikuwa mkutanoni, akanipigia nikiweke kwenye friza. Basi, kazi yote ndiyo hiyo. Lakini mimi mama yangu anauza marashi sokoni. Kwetu hupokei kitu bila kukifungua ukakiona kwa macho yako. Nikafungua. Barafu, na katikati kichupa cha ukubwa wa kidole cha mwisho. Nikakiinua kwenye mwanga. Kitupu. Nikakitikisa. Kimya. Nikaamua, kwa akili zangu zote (ambazo leo zilikuwa likizo), kwamba hiki ni cha mfano tu, chenye mali kinakuja nyuma.

Ila kizuri! Kioo safi, kifuniko kinakaza. Na Mama kila siku analalamikia vichupa vya mafuta yake ya waridi. Nikakitia mkobani. (Mtoto mwema, mimi.)

Mchana nikaenda Jabe kula kwake. Nikampa kichupa, akafurahi sana. Mteja wake, shangazi wa bibi harusi fulani, alikuwa anatafuta zawadi ndogo, naye akakipenda. Mama akakifungua, akashika kidondoshio chake cha waridi. Hapo simu ikaita. Ni Dokta, anauliza kama nimeiweka kwenye friza.

"Dokta, apana kitu ilikuya," nikamjibu. "Ni kachupa tupu tu."

"Zuhura, haiko tupu. Ni kavu, imeshika chini, macho haiwezi kuiona. Iko wapi?"

Nikageuka. Tone la waridi lilikuwa linaning'inia juu ya mdomo wa kichupa. Nikapiga kelele ambayo nadhani ilifika mpaka mtaa wa Kinama, mbali kule: "Mama, usitiye! Iko protini ya binadamu ndani!"

Jabe ikanyamaza. Soko lile mnalijua, halinyamazi hata mvua ikinyesha. Yule shangazi akaziweka chini taratibu chupa alizokuwa ameshika, akajifuta mikono kwenye kitenge.

"Ya mutu gani?" akauliza.

Nikataka kumtuliza. Nikaeleza kwa sauti, wote wasikie, kwamba haikutoka kwa mtu yeyote, imetengenezwa na bakteria. (Ningenyamaza tu.) Shangazi akaondoka. Waliokuwa nyuma yake wakamfuata. Muuza ndagala (dagaa wetu) wa jirani akavuta meza yake mbali nasi.

Mama hakupandisha sauti. "Mi nilikusomesha," akasema, "juu ukuye kunifukuziya bakliya?" Bakliya, yaani wateja, walikuwa wameshaisha.

Nikafunga kifuniko, nikakimbia mpaka maabara, viatu mkononi. Dokta alikuwa anagomba na kucheka kwa pamoja. Akakizungusha kichupa kwenye mashine, akatia maji yake maalumu, akachuja vijidudu vya Jabe, akapima. Ipo! Seli zikala. Nilifurahi mpaka nikalia, na Dokta akanikumbatia (kisha akanipokonya mkoba, akaupekua).

Jioni Mama akapiga. Nikajiandaa kwa matusi. Kumbe yule shangazi amerudi, tena na dada zake. Habari imeshazunguka mtaani kwamba kuna mafuta ya waridi yenye kinga ya mwili ndani, ukijipaka ngozi inarudi ya mtoto mchanga. Waridi lote la Mama limekwisha.

"Mwanangu," akaniuliza kwa upole ambao sijauzoea, "kesho Dokta hawezi kukupatiya kachupa kengine?"

Kesho nitakwenda kazini kwa njia ya nyuma, isiyopita Jabe, Mama na wateja wake wasinione. Mkinikuta huko na mkoba mtupu, tafadhali, chekeni nikishapita.