Mabati ya Konseye Casimir

Urbain alikuwa amekaa kwenye ngazi za biro ya komine, ofisi ya serikali ya mji wa Albertville, akingoja mtu yeyote mwenye shida. Shida za watu ndizo zilizokuwa shamba lake, hakulima kitu kingine. Asubuhi moja ya mwaka 1963 shamba lilimjia lenyewe kwa miguu: kundi la akina mama wauza ndagala, dagaa wa ziwani, wamevaa vitenge vya misa katikati ya juma, na mbele yao Mama Séraphine, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuvuka ziwa.

Waliingia kwa burgumestre, mkuu wa komine, na hasira. Wakatoka na hasira zaidi.

"Burgumestre hana nafasi," Mama Séraphine akasema. "Juzi hakuwa na nafasi, leo hana nafasi. Huyu mutu nafasi zake anaziweka wapi?"

Urbain akasimama, akavua kofia. Alikuwa na namna yake ya kuvua kofia, iliyowafanya watu wamweleze hata ya chumbani. Wakamweleza. Kile kiwanja karibu na bandari, wanapoanika ndagala, tangu zamani kilitengwa kiwe soko. Sasa Konseye Casimir, diwani wa komine, anajenga baa ya dansi pale pale, ukuta kwa ukuta na nyumba ya wazazi. Watoto watazaliwa wakisikia rumba. Na nani anayegawa viwanja vya komine? Konseye Casimir. Aliomba mwenyewe, akajikubalia mwenyewe, na inasemekana alijipa pongezi.

"Jambo hili linataka mutu wa mayele, mwenye akili," Urbain akasema kwa sauti ya daktari. "Muniachie mimi."

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa Casimir. Alimkuta kiwanjani, mtu mnene wa miwani myeusi, akiyatazama mabati yake mapya na mifuko yake ya simenti kama baba anavyotazama mapacha.

"Papa Konseye, nimekuja kama mutoto wako. Kuna inspekta anatoka Léopoldville. Anatafuta wakubwa waliojigawia viwanja."

Casimir akavua miwani. "Nani amekuambia?"

"Papa, nikimutaja, atapoteza kazi."

Jibu hilo limewaangusha watu wenye akili kumpita Casimir.

"Na hizi kuta?"

"Kuta hazisemi. Mabati na simenti njo vinasema, maana aliyeuza anamukumbuka aliyenunua. Nitakufichia. Na wewe uondoke kidogo, Papa."

"Basi niende Moba, kwa wakwe."

"Hapana Moba," Urbain akasema upesi, kwa sababu Moba ndiko alikokuwa na mnunuzi. "Kwa wakwe njo watakutafuta kwanza. Uende Kabimba."

Kisha akarudi kwa akina mama na habari njema. Konseye ameogopa, amekubali kuondoa vitu vyake, ila hana wabebaji. Jumapili, baada ya misa, wabebe wenyewe mpaka kwenye boti. Haki unayoibeba kwa kichwa chako, aliwaambia, hakuna wa kukunyang'anya. Akina mama wakapiga vigelegele, na mwizi akawa amepata wachukuzi wa bure wanaomshukuru.

Lakini mwenye boti alikuwa Célestin, mdogo wa mume wa Mama Séraphine. Jumamosi alikwenda kula kwa shemeji yake.

"Yule Papa Urbain amenikodi nimupeleke Moba," akasema huku akinawa. "Na mabati na simenti. Anasema anafungua duka."

Mama Séraphine akaacha kusonga ugali. Akaona yote kwa mara moja: mabati yataishia Moba, Casimir atarudi, atanunua mengine, na baa itaezekwa. Halafu akacheka mpaka ugali ukaungua.

"Shemeji," akasema, "ile mifuko mitupu ya simenti, mafundi wameitupa wapi?"

Jumapili Urbain alifika kwa Mama Séraphine kwa suti nyeupe, akazuiwa asiende kiwanjani.

"Kiongozi habebi mizigo," Mama Séraphine akamwambia. "Kiongozi anakula."

Wakampa samaki wa kuhe na pombe ya ndizi, wakamshangilia kwa kila tonge. Aliposhuka ufukoni, ameshiba na ametukuka, boti lilikuwa limezama nusu kwa uzito. Mifuko ilikuwa imepangwa vizuri chini ya turubai.

"Na mabati?"

"Iko chini, Papa," Célestin akasema. "Simenti imeyakalia, yasipeperuke."

Walipokuwa wakiacha gati, zilisikika nyundo kutoka kiwanjani.

"Wanagonga nini kule?"

"Maendeleo," Célestin akajibu, akakoleza mashine.

Casimir aliporudi kutoka Kabimba, alikuta jengo lake lina paa la mabati yake na sakafu ya simenti yake, na ndani yake akina mama wamepanga sinia za ndagala. Burgumestre naye alikuwepo. Aliposikia kuna chakula, alipata nafasi.

"Tunamushukuru Papa Konseye," Mama Séraphine akasema mbele ya wote. "Ametujengea soko katika kiwanja cha soko, hata bila kuombwa. Kama nasema uongo, aseme yeye mwenyewe alikuwa anajenga nini."

Casimir akamtazama burgumestre. Akatazama mabati.

"Nilifanya kwa ajili ya akina mama," akasema.

Wakambeba juu juu, na dansi ikachezwa kiwanjani, yeye katikati, akicheza kama mtu anayekanyaga miiba.

Huko Moba, mnunuzi, fundi mzee aitwaye Papa Anatole, alifunua turubai, akachana mfuko. Ukamwagika mchanga. Akachana wa pili, mchanga. Chini ya mifuko kulikuwa na mifuko. Célestin alikuwa akitazama ziwa kwa makini sana.

Urbain akainama, akachota mchanga, akauacha upite taratibu katikati ya vidole.

"Papa Anatole, wewe ni fundi. Niambie ukweli. Umeshaona mchanga wa namna hii?"

Papa Anatole akageuka, akautazama ufuko wa Moba, mchanga mtupu mpaka macho yanapokoma.

"Ule ni wa hapa," Urbain akasema. "Huu umetoka mbali."