Flash ya Heshima

Jumatatu, tarehe 7 mwezi wa saba. Butembo.

Kuanzia leo mimi Sadrack ni photographe. Hapana wa simu. Wa film. Nimefungua sanduku ya mujomba wangu marehemu Kasonia, mwenye alikuwaka na studio hapa mujini, na mule ndani nimekuta appareil ya picha, nzito sawa tofali, pamoja na flash yake. Film moja nimeletewa na Mama Rébecca, mwenye anaendaka kununua vikwembe Kampala. Picha makumi tatu na sita.

Projet: kufuata barafiki kila siku, maisha ya kawaida tu, bila kujipanga. Kavuo anaolewa Beni mwisho wa mwezi, donc tutatawanyika, na kila mumoja atabaki na ukumbusho ya karatasi. Ile njo nilibaambia. Chenye sikubaambia: picha zinaenda ku concours, mashindano ya picha ya Kampala. Film, maisha ya kila siku, Butembo. Nani mwengine atashinda?

Rafiki yetu Manassé akasema simu yake iko na macho matatu. Nikamujibu mbuzi ana mawili tu na bado anakubalika ku dot ya kuoa bibi. Batu balicheka. Ya kwangu ilikuwa muzuri kuliko ya kwake.

Jumatano, tarehe 9.

Shida. Film ni kidogo na barafiki ni wengi. Vagheni, mwenye moto, ile pikipiki yake, anataka picha na moto mbele, moto pembeni, na casque ku kichwa, bila casque. Kwa mwendo huu concours itapokea moto ya Vagheni peke yake.

Halafu nikakumbuka mujomba. Ku mugongo wa flash kuko button ndogo nyekundu. Ukiifinya, taa inatoka na film inabaki imelala. Mujomba alikuwa anaitumikisha ku arusi, kwa bale benye banasukumana kufika mbele, zaidi balevi. Aliiita flash ya heshima. Mutu anaona taa, anarudi kwake na furaha, hakuna hasara. Mwenye anajua ukweli ni photographe peke yake: ukishapiga picha ya kweli, kile kivyuma cha kuvuta film kinaenda. Ukishatoa flash ya heshima, kinakataa.

Vagheni nimemupatia za heshima tupu. Amefurahi paka akaninunulia brochette mbili za nyama. Nimesikia haya, aibu kidogo, katikati ya brochette ya kwanza na ya pili. Imepita.

Ijumaa, tarehe 11.

Leo art. Maji ya matope mbele ya soko. Yale maji tena, upande mwengine. Bottes za mutu, viatu vya matope. Gurudumu ya chukudu ya mbao, ya kubeba mizigo. Kavuo alikuwa anakaanga mikate, nikapiga picha ya miguu yake. Akauliza juu ya nini miguu. Nikamuambia uso ni kwa benye banaanza kazi.

Manassé akamupiga picha na simu, uso, akicheka, na bote bakakimbilia kuangalia pale pale. Hii njo ubaya wa simu. Haifundishe batu kungojea.

Jumamosi, tarehe 12. Musienene.

Ningependa siku hii isiandikwe. Lakini naandika.

Kavuo alitupeleka kwa Mukaka Godelive, nyanya yake mwenye alimulea tangu mama yake kufariki. Mukaka anakataaka picha za simu. Anasema zinakufa na betri. Ya karatasi, ile alikubali. Akaenda kuoga. Akavaa kikwembe chenye anavaaka Pasaka. Akatuma kuomba kiti kwa jirani, juu ya kwake kimoja kilikuwa kimevunjika mugongo. Akaikaa mbele ya mulango na Kavuo pembeni, mikono juu ya magoti, bila kupumua.

Kavuo akanivuta pembeni. Akasema zile zingine hata zikiharibika haina neno, hii moja njo anataka. Ya kuweka mu nyumba yake Beni. Mukaka amezeeka, na barabara ile si ya kutembea kila wiki.

Nilikuwa nimebakisha picha mbili. Na pale nyuma ya Mukaka, ndani ya mulango, kulikuwa gunia ya maharagi, na mwangaza uliiangukia kupitia tundu ya bati, muzuri ajabu. Picha mbili, gunia moja. Nilijiambia nitapiga moja moja, haki kwa kila mutu. Kidole kikaenda chenyewe kule nyuma. Button nyekundu. Taa ikatoka. Nikamuambia: Mukaka, umetoka muzuri kabisa.

Alinishukuru kwa mikono yote mbili. Akanipatia kitunga ya viazi. Gunia nimelipiga mara mbili, kusudi niwe hakika. Viazi nimevibeba juu ya magoti ku moto ya Vagheni paka Butembo, na sikuweza kuviangalia.

Jumatatu, tarehe 14.

Mama Rébecca amebeba film, ataenda kuioshesha Kampala. Nilipita mbele ya parcelle ya kwabo Kavuo kusudi nimuambie ukweli. Mbwa alinitazama. Nikarudi.

Nitasema ya Mukaka iliungua na mwangaza. Inatokeaka. Mujomba alikuwa anasema hivyo kila juma.

Tumekula vile viazi. Vitamu. Haya haikunipunguzia njaa, na ile nayo ni haya ingine.

Jumamosi, tarehe 26. Beni.

Arusi. Mama Rébecca amerudi na picha toka Kampala; nilimukataza kufungua enveloppe. Plan yangu: kuifungua mbele ya bageni bote, Manassé akiwa karibu, kusudi aone picha ni nini.

Tulipotoka kanisa tulienda kwa bwana arusi, Éphraïm, mu commune ya Beu. Kavuo alitutembeza mu salon. Rangi mupya. Ukuta hauna kitu, musumari moja tu, juu ya kiti cha bageni. Akasema ni nafasi ya Mukaka, aliupigilia yeye mwenyewe.

Pale ningeweza kuugua. Mutu anaweza kuugua wakati wowote. Hapana, mimi nikatoa enveloppe.

Maji ya matope. Maji ya matope upande mwengine. Bottes. Bageni bakauliza nani iko mu bottes. Vagheni alitafuta moto yake, akapata goti yake. Kavuo akapata miguu yake, akasema aksanti, na sauti yake ilikuwa ya upole, na ningependa anitukane.

Mukaka akaomba kuziona. Alizitia juu ya magoti, kile kikwembe cha Pasaka. Alilowesha kidole, akaangalia moja kisha ingine, polepole. Alipofika ku gunia akasema hii ni maharagi yangu. Akageuza karatasi kuangalia mugongo yake, labda yeye iko upande ule. Akafika mwisho. Akarudilia tangu mwanzo.

Mwenye alikuwa anapakua muchele aliacha. Nilisikia uso wangu unawaka paka ku masikio.

Nikasema yake iliungua na mwangaza. Mukaka akauliza gunia ilikuwa karibu yake na haikuungua? Akauliza basi nilimupatia taa ya Kasonia? Anaijua. Bote benye balioa wakati ule banaijua; mwenye hakujua kama banaijua ni mimi peke yangu. Akasema Kasonia alikuwa anapatiaka balevi ile taa, na yeye Mukaka hajui siku ile ya picha alikuwa amekunywa nini.

Kavuo hakunigombeza. Alibeba kofia ya Éphraïm akaitundika ku ule musumari, kusudi usionekane.

Jumapili, tarehe 27. Njiani kurudi Butembo.

Mu voiture nilikaa karibu na Manassé. Tangu Beni paka Kalunguta hakucheka hata mara moja. Alinigawia ndizi. Akasema hata yeye simu yake inafutaka picha za batu saa zingine. Nilijua ni uongo. Haya kubwa kupita zote ni kuhurumiwa na Manassé.

Kufika nyumbani nimebandika plasta juu ya button nyekundu. Plasta ya hôpital, ya nguvu. Nimeapa. Sitaifinya tena paka kufa.

Jumamosi, tarehe 9 mwezi wa nane. Musienene.

Nimesamehewa!

Kavuo na Éphraïm balikuja kusalimia, na mimi nikapanda na film mupya. Niliomba musamaha mbele ya kila mutu, kichwa chini. Mukaka alikubali kuikaa tena. Sharti moja: yeye njo anipige picha mimi kwanza. Heshima kubwa, mutu wa umri yake.

Akauliza ile plasta ni ya nini. Nilimufundisha muzuri, sawa professeur: ya juu inapiga, ya nyuma inatoa taa tu. Akarudilia maneno yangu bila kukosa. Akatoa plasta polepole, eti machine ipumue. Niliikaa ku kiti cha jirani, kidevu juu, mikono ku magoti. Taa ikatoka. Sikusikia ule mulio wake wa tchak, mais kulikuwa upepo. Mukaka akaniambia: mutoto wangu, umetoka muzuri kabisa.

Kavuo alicheka paka akajishikilia ku mulango. Furaha ya kuona amani imerudi.

Nilipovuta kivyuma cha film, kikakataa. Baridi ya Musienene, inakazaka vyuma. Halafu nikapiga Mukaka na Kavuo, picha ya kweli, naapa mbele ya Mungu: tchak, na kivyuma kikaenda bila shida. Baridi ilikuwa imeisha.

Sasa majirani nabo bakaona. Bakajipanga na batoto, na kuku. Plasta ilipotea mu majani. Ningefanya nini? Film ni ile ile moja, na concours haijafunga. Bamerudi kwabo na furaha, bote.

Magaribi nimepita kwa Ananie, menuisier, fundi wa mbao, kuagiza cadre mbili za picha. Ndogo ni ya Kavuo na Mukaka, ya kwenda Beu. Kubwa ni ya picha yangu. Musumari nimeshapigilia mu salon yetu, mukubwa kupita ule wa Kavuo. Mama ameuliza utatundika nini. Nimemuambia angojee Kampala, ataona mwenyewe.