Mbuzi Hapandi Pikipiki Kubwa

Jumanne, 16 Aprili

Nimeipata! Pikipiki kubwa ya safari, ile ya Wazungu wanaozunguka dunia kwa raha zao. Ilitoka Uganda, ikapita mpakani Kasindi, ikalala miaka katika gereji ya mtu mmoja hapa Butembo asiyejua thamani yake. Masanduku mawili pembeni. Kiti kama cha askofu. Redio (haisemi). Kioo cha mbele (kimepasuka, lakini kidogo). Ina hata gia ya kurudi nyuma! Butembo nzima pikipiki ni nyingi kuliko watu, lakini ya kurudi nyuma hakuna.

Sikutoa hata faranga moja. Muuzaji alikubali mbuzi. Ni mbuzi wa mahari, ndiyo, wale ambao mama yangu anawafuga kule Kirumba tangu nilipomwambia habari za Nadège. Kwetu hakuna kuoa bila mbuzi, na ndiyo maana wanaume wa kwetu wanazeeka wakiwa wachumba. Nilimwambia mama kwamba lori limekuja kuwapeleka Vuhovi kwa akina Nadège. Aliwaaga mmoja mmoja kwa jina. Akawaombea. Mimi nilitazama upande wa pili kwa sababu ya vumbi.

Mpango ni huu. Jumamosi ya tarehe 27 Papa Syauswa, baba yake Nadège, ananisubiri na mahari. Nitaingia uani kwake nikiwa na chama chote cha wenye pikipiki kubwa nyuma yangu: waagizaji wa bidhaa, wenye malori, mwenye duka la dawa. Nani atamdai mbuzi mtu mwenye marafiki kama hao? Ataona haya. Ataniomba mwenyewe tuachane na mambo ya kizamani.

Kilichobaki ni kuingia chamani tu.

Alhamisi, 18 Aprili

Gia ya pili inakataa. Ya kurudi nyuma inafanya kazi kuliko zote. Mafuta inakunywa kana kwamba inalipiza kisasi. Wauza mafuta ya chupa wa barabarani wameanza kunisalimia kwa heshima.

Jirani yangu Lusenge ni taximan, anabeba abiria kwa pikipiki. Ana kile kipikipiki chake cha Kichina kilichofungwa kwa waya, na wivu unamtoka machoni. Leo, mbele ya watu, akaniuliza: "Grand, iyi inabeba batu ngapi?" Nikamjibu kwamba pikipiki ya aina hii haibebi watu. "Donc inabeba nini?" Watu wakacheka. Watu wa mtaa huu wanacheka chochote.

Nilipita sokoni anakoshonea Nadège. Hakunyanyua macho kwenye cherehani. Akaniuliza kama mbuzi wazima. Nikasema wazima kabisa. Sikudanganya, sijasikia kwamba kuna anayeumwa.

Jumapili, 21 Aprili

Beni! Nimekubaliwa! Nimeumia mgongo, mabega, na kitu fulani ndani ya goti.

Rais wa chama, yaani Amicale ya Pikipiki Kubwa, anakaa Beni. Anaitwa Mzee Issaka, ana malori, ana ndevu nyeupe, ana pikipiki inayong'aa kama sahani ya harusi. Sharti la kuingia ni kufika kwake kwa pikipiki yako mwenyewe. Rahisi. Ila mvua ilikuwa imenyesha, na kuna jambo ambalo sikulifikiria: vizuizi. Kwenye kila kizuizi, sheria ni kuzima injini, kushuka, kusukuma kwa mikono hadi upande wa pili. Mwenye kipikipiki anasukuma huku anaongea na simu. Mimi nilisukuma kitu chenye uzito wa ng'ombe aliyeshiba. Askari wakaleta viti waangalie. Mmoja alikuwa akinipigia kelele kwa Kilingala, "Tindika, papa! Tindika!", yaani sukuma, kana kwamba nilikuwa nabembeleza.

Kwenye kizuizi cha tatu nani akatokea? Lusenge, na abiria wawili na gunia la maharagwe. Akawashusha wote, wakanisukumia, hata mwenye maharagwe. Kisha wakanipita. Sitamsamehe.

Mzee Issaka alinipokea vizuri, akanipa chai. Akanitajia masharti bila karatasi, taratibu, kama mtu anayefundisha watoto. "Mutu wa Amicale hapana beba mutu wa kulipa. Hapana beba ndizi. Hapana beba mbuzi. Tukianza kubeba, tutafanana na bataximan." Nikaapa kwa mkono juu. Kiapo rahisi kuliko vyote nilivyowahi kula. Mbuzi nitamtoa wapi?

Jumatano, 24 Aprili

Balaa. Nimempigia Mzee Issaka kuomba chama kinisindikize Jumamosi. Akasema Amicale haiendi kwenye mahari, haiendi kwenye harusi, haiendi kutembea. Barabara mbaya, usalama mdogo, mafuta ghali. Amicale inatoka pamoja kwa jambo moja tu: mazishi.

Basi nimejiunga na chama cha maziko! Hakuna aliyeniambia. Nimelala chali kitandani mchana kutwa bila kula.

Baadaye. Habari njema! Mama yake Ananie amefariki. Ananie ndiye yule mwanachama mwenye duka la dawa. Mama mzee sana, amekufa vizuri, apumzike kwa amani. Maziko ni Jumamosi asubuhi, hapa hapa Butembo, na Amicale nzima inakuja! Kutoka makaburini hadi Vuhovi si mbali. Nitawaambia kuna chakula. Watu wanaotoka kuzika wana njaa.

Nimempelekea Ananie pole kwa simu. Nadhani nilionekana mchangamfu kupita kiasi.

Jumamosi, 27 Aprili

Sitaki kuandika. Naandika.

Maziko yalikwenda vizuri. Pikipiki zote zilifungwa matawi mabichi mbele, kama ilivyo desturi, honi zikalia, watu wakasimama kando ya barabara na kuvua kofia. Nililia kidogo kwa sababu ilikuwa nzuri mno. Baadaye nikamnong'oneza Mzee Issaka kwamba kuna familia Vuhovi inatusubiri na chakula. Hakuuliza zaidi. Alidhani ni ndugu za marehemu.

Tukaondoka. Mimi mbele! Nyuma yangu pikipiki kubwa zote za Beni na Butembo, honi zinalia, matawi yanapepea. Ndiyo, matawi. Niliyaona. Nilisema moyoni, acha yabaki, yanapendeza.

Sasa, kaka yake Nadège anaitwa Kahongya. Ni taximan wa njia ya Kirumba. Na kila mtu kwetu anajua, hata mimi najua, hata ng'ombe wanajua, kwamba pikipiki nyingi zenye matawi na honi zikisimama uani kwako, zinakuletea motard wako, mwendesha pikipiki wa nyumba yako, aliyekufa.

Mama yake Nadège alitoka na mwiko mkononi. Akatuona. Akaanguka, pale pale mlangoni. Shangazi wakaanza kulia. Mimi nikanyanyua mkono kuwapungia, nikidhani ni vigelegele. Papa Syauswa alikuwa amevaa koti lake la misa. Akaanza kuita: Kahongya, Kahongya wangu. Wakampigia simu Kahongya, simu haipatikani. Majirani hawa hapa na kuni mabegani, maana kwetu msiba hauendewi mikono mitupu. Na Mzee Issaka, mtu wa adabu, akadhani nimewaleta kwenye msiba wa pili. Akavua kofia. Akawapanga wanachama mstari mmoja. Akatoa hotuba ya rambirambi, ndefu, nzuri kabisa! Akachangisha bahasha hapo hapo.

Nilijaribu kueleza. Vilio vikanifunika.

Kahongya akafika jioni na pikipiki yake, mzima, anatafuna muwa, akauliza nani amekufa. Mama yake akampiga kofi, kisha akamshika shingoni akakataa kumwachia. Ndipo wote wakanigeukia.

Papa Syauswa aliniuliza jambo moja: mbuzi wako wapi? Nikamwonyesha pikipiki.

Chakula hatukupewa.

Jumatatu, 29 Aprili

Mtaa mzima unajua. Lusenge amepita mlangoni kwangu na tawi la mkaratusi kwenye usukani. Eti anapeleka mbuzi majani.

Ujumbe kutoka Vuhovi: nimeingiza kifo katika nyumba ambayo haikuwa na kifo. Haiwezi kuachwa hivyo. Lazima mbuzi aje, achinjwe uani, watu wale pamoja, uani patakate. Bila hiyo, jina langu halitajwi tena pale. Ajabu! Niliwaletea wageni wenye hadhi ambao hawajawahi kuwaona, na mimi ndiye ninayedaiwa usafi.

Usiku Nadège akanitumia sauti kwenye simu. Nimeisikiliza mara nyingi. Alikuwa amechoka. "Kakule, leta mbuzi moja tu. Moja. Ile ingine ya mahari tutaongea. Minaomba papa mupaka anakubali. Anasema siku ya Yenga, kiisha misa. Lakini Kakule, mie siko na nguvu ya kuomba tena."

Siku ya Yenga ni Jumapili. Nampenda Nadège. Niliandike hapa wazi maana mahali pengine sijaliandika: nampenda, na nikimkosa sijui nitakuwa nani.

Mbuzi mmoja. Sina hata mmoja.

Alhamisi, 2 Mei

Kirumba. Nilipanda lori, juu ya vitunguu, kwa kuwa pikipiki inavuja.

Mama alishajua. Habari mbaya husafiri bila kusukumwa kwenye vizuizi. Nilijiandaa kwa matusi, nilikuwa na majibu tayari. Hakunitukana. Aliniuliza tu kama mbuzi waliuzwa pamoja au walitenganishwa. Sikujua. Akaendelea kuchambua maharagwe.

Kisha akaenda nyuma ya nyumba akarudi na yule jike wa mwisho, wake mwenyewe, aliyemweka ili ajipatie bati za jikoni. Jikoni humo mvua inamnyeshea anapopika. Akanipa kamba. "Uyu iko na mimba. Bataona kama unaleta mbili." Akanipangusa maganda ya vitunguu kwenye koti.

Nimerudi naye kwenye lori. Amelala kichwa juu ya goti langu bovu. Nimeokoka! Jumapili nitakuwa na mbuzi, na Nadège, na kila kitu.

Ijumaa, 3 Mei

Tatizo. Nitamfikishaje?

Kwa pikipiki yangu, haiwezekani. Niliapa mbele ya Mzee Issaka. Baada ya aibu ya Jumamosi, mtu wa Amicale akinikuta njiani na mbuzi nyuma, nimekwisha.

Lusenge akajitolea kumbeba bure. Bure! Alisema atamfunga vizuri, hatamuumiza, na kwamba hata yeye aliona huruma siku ile. Najua anachotaka. Anataka Papa Syauswa amwone yeye na mbuzi, na mimi nyuma yake nakula vumbi. Nikamwambia nitafikiri.

Nimefikiri. Tatizo la siku ile halikuwa matawi. Tatizo lilikuwa kioo. Mtu anafika na kioo kilichopasuka, watu watamwamini vipi? Na kuna fundi hapa mjini ana kioo cha pikipiki kama yangu, kizima, cheusi kidogo, kinaakisi mawingu. Hataki faranga. Alimpapasa yule jike tumboni, akakubali mara moja.

Jumapili, 5 Mei

Nilifika baada ya misa. Polepole, ili waone.

Uani palikuwa pamefagiwa. Viti vilikuwa vimepangwa, wazee wa ukoo wamekaa, kisu kimenolewa kimewekwa juu ya jani la mgomba. Mama yake alikuwa ameteleka sufuria kubwa. Kahongya alikuwa anachochea moto, akanisalimia bila kinyongo. Kumbe si mtu mbaya.

Nadège alikuja mbio akiwa na kamba mkononi. Amevaa nguo aliyoishona mwenyewe, sikuwahi kuiona. Akatazama mikono yangu. Akaizunguka pikipiki. Akafungua sanduku la kushoto, akatazama ndani. Akafungua la kulia. Nilidhani anayapenda, nikamweleza kwamba hayaingizi maji hata kidogo.

Akauliza: "Iko wapi?"

Nikagonga kioo kwa kidole. Kipya, nikasema.

Hakulia. Akakunja kamba vizuri, akaingia ndani. Papa Syauswa akawaomba radhi wazee, akaanza kurudisha viti ndani kimoja kimoja. Mama yake akaipua sufuria. Hakuna aliyenitukana. Kahongya ndiye aliyenisindikiza hadi barabarani, akanieleza kwa upole, kama mtu anayeeleza mgonjwa, kwamba dada yake anaondoka kesho kwenda kukaa kwa shangazi yao Beni, na nisiende huko.

Nimerudi nikiwaza njia nzima. Sasa nimeelewa kosa lilikuwa wapi. Nilifika kimyakimya mno! Hawakunisikia nikija, hawakupata muda wa kujiandaa kunistahi. Honi ya pikipiki hii inalia kama kifaranga. Kuna mtu karibu na soko ana honi ya lori, ya hewa, ukiibonyeza Butembo wanasikia hadi Beni. Nadège akiisikia kule kwa shangazi, atatoka nje mwenyewe.

Nimeshaongea na mwenye honi. Anakubali kuku. Mama bado ana kuku.